Nimeacha sindano ya mwezi tangu mwezi wa pili lakini mwili bado haujarudi. Mliopitia hii kitu ilichukua muda gani?

FundiNgamiani (mwanzisha uzi), mwezi wa 6

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Maelezo ni marefu, mnivumilie, nimeandika kwa siku tatu maana vidole vinachoka.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Tanga, miaka 34. Mwaka 2019 nilidata. Sitaki kuzunguka mbuyu, nilidata kweli, nilikuwa nasikia watu wanaongea ndani ya cherehani, nikawa sili nyumbani maana niliamini shemeji ananiwekea kitu kwenye mchuzi. Nikalazwa, nikapewa vidonge, nikakaa sawa, nikaacha vidonge, 2021 nikadata tena nikalazwa tena. Safari ya pili ndo wakasema huyu vidonge hamezi, achomwe sindano ya mwezi. Modecate, dawa ya kutuliza kudata, miligramu 25 kila wiki nne, takoni. Na niseme ukweli mwanzoni sikuwa na ugomvi nayo, sauti zilinyamaza, nikarudi dukani, nikashona sare za shule za mtaa mzima.

Shida ilikuja polepole kama maji yanavyopanda. Kwanza mate, naamka mto umelowa. Halafu mikono. Kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani ni kitu nilikuwa nafanya huku napiga stori na mteja bila hata kuangalia, ikafika hatua namwita mtoto wa jirani anitungie nampa peremende. Matundu ya vifungo nikawa nampelekea fundi mwingine, faida yote inaishia kwake. Sura nayo ikaganda. Nilienda kupiga picha ya pasipoti, mpiga picha ananiambia bro cheka kidogo basi, na mimi moyoni najua kabisa kwamba nacheka. Hizo picha ninazo mpaka leo, ukiziangalia utadhani nimepigwa nikiwa nimelala macho wazi.

Ila kilichonimaliza ni miguu. Ijumaa msikitini khutba dakika ishirini sikai. Sio kwamba nina haraka, miguu ndo haitaki, ni kama siafu wanatembea ndani ya mfupa na ukisimama wanatulia, ukikaa wanaanza upya. Nikawa nakaa nyuma kabisa kwenye viatu ili nikiinuka nisiruke watu. Broo akaenda kusema kliniki, huyu siku hizi hatulii anazunguka tu usiku kucha, wakaandika ugonjwa unarudi, dozi ikapanda kutoka 25 kwenda 50. Na miguu nayo ikapanda.

Mwezi wa pili mwaka huu nikakutana na dokta mwingine, kijana. Huyu hakuandika kwanza. Aliniambia tembea mpaka mwisho wa korido urudi, akaangalia mikono yangu haipepei, imening'inia tu. Akanishika kiwiko akakikunja na kukikunjua taratibu, mwenyewe nasikia kinakwama kwama kama gia ya baiskeli mbovu. Akasema hii sindano tunaisimamisha, utatumia kidonge usiku, dada yako asimamie. Sindano ya mwisho nilichomwa tarehe 9 mwezi wa 2.

Mimi nikajua mwezi wa tatu nipo huru. Tena kwa ujuaji wangu nikaacha na Artane, kile kidonge cha kulegeza kukakamaa na kutetemeka kwa sindano, siku hiyo hiyo, nikawaza sindano imeisha, Artane ya kutuliza sindano ya nini tena. Wiki mbili mbele nilikuwa kama mlango wenye kutu, kugeuka kitandani mpaka nishike ukuta.

Sasa ni mwezi wa sita. Mate yamekata. Miguu imepungua lakini haijaisha. Mikono bado. Jogoo hawiki, hilo nalisema kwa sababu humu hatujuani. Na kuna ganzi fulani ya moyo sijui niieleze vipi, kitu kizuri kinatokea naona ni kizuri lakini hakinifikii. Naulizeni waliopitia, hii inaisha? Au nimeshakuwa hivi?

KijanaWaPasua

Nilifungua nikijua ni sindano ya uzazi wa mpango nikasema huyu mwanaume vipi. Samahani mkuu. Pole sana, naweka kambi hapa.

DawaZetuAsili

Ndugu hiyo ni sumu wamekuwekea, mwili hauwezi kupona mpaka isafishwe. Kunywa maji lita 5 kwa siku, unga wa mlonge asubuhi na jioni, na nina mchanganyiko wa kusafisha damu siku 14 tu inatoka yote. Na hicho kidonge cha usiku kiache ni walewale. Njoo inboksi.

NesiMstaafuMtarajiwa

Huyo wa juu asikupotoshe. Mimi nesi, wodi ya akili, miaka 11, nimechoma hizo sindano sijui mara ngapi, acha nieleze kwa lugha ya nyumbani.

Modecate imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta. Ndio, ufuta huu huu wanaolima Lindi na Mtwara. Ndo maana ina rangi ya manjano, ni nzito, inavutwa taratibu na sindano nene na mgonjwa analalamika inauma. Yale mafuta yanakaa ndani ya msuli wa kalio kama mafuta kwenye koroboi, dawa inapanda kidogo kidogo kwenda kwenye damu. Hiyo ndo kazi yake, ilibuniwa miaka ya 60 kwa ajili ya watu ambao vidonge vya kila siku vinawashinda. Sasa ukishachoma huwezi kuirudisha. Maji hayaitoi, dafu haliitoi, mlonge hauitoi, hata ungekunywa bahari ya Tanga yote utakojoa tu. Ni muda.

Hesabu yenyewe iko hivi. Mtu aliyechomwa kwa muda mrefu, Modecate inapungua nusu kila baada ya wiki mbili hivi. Ile haloperidoli ya mafuta, sindano nyingine ya akili, karibu wiki tatu. Kwa hiyo nusu inabaki, halafu nusu ya nusu, halafu robo ya nusu, ukifika mara tano imebaki kama asilimia 3. Modecate hiyo ni kama wiki 10, haloperidoli kama wiki 15. Watu wanatofautiana, ini la mtu mmoja sio la mwingine, ila ndo mwelekeo. Wewe wa tarehe 9 mwezi wa pili, kufika mwisho wa mwezi wa nne dawa yenyewe ilikuwa imebaki chenga tu. Kinachoendelea sasa hivi ni ubongo kujipanga upya baada ya kuzibiwa dopamini, ile kemikali ya ubongo ya mwendo na raha, miaka mitatu, na hiyo inachelewa kuliko damu. Kukakamaa na kutetemeka wengi huachia ndani ya miezi michache, wapo wanaofika mwaka na zaidi.

Kosa la Artane ni la kwako na la aliyekuruhusu kutoka bila kukwambia. Sindano ikisimama Artane haisimami siku hiyo, maana sindano bado ipo mwilini wiki kibao. Inaendelea, halafu inapunguzwa taratibu. Tena usiipende sana, inakausha mdomo, inafunga choo, inaleta usahaulifu, na mtaani kuna vijana wanaitafuta kwa ajili ya kulewa.

La dozi kupandishwa sababu ya miguu, hapo sitetei mtu. Hiyo hali ya kutotulia ni dawa, sio ugonjwa, na ukimwongezea dawa unaongeza moto. Wapo wanaofikia kutamani kufa kwa sababu ya miguu tu. Ndugu mkiona mgonjwa anazunguka muulizeni swali moja: una wasiwasi kichwani au miguu ndo haitaki kukaa? Atakwambia mwenyewe. Kuna dawa za kutuliza hiyo, propranololi mojawapo kama huna pumu, lakini iandikwe na daktari.

Swali langu kwako fundi: hicho kidonge cha usiku ni kipi?

FundiNgamiani

Risperidoni, miligramu 2 asubuhi na 2 usiku. Zamani ilikuwa 2 usiku peke yake, mwezi wa tatu nilipokakamaa tukaenda kituo cha karibu wakaongeza.

NesiMstaafuMtarajiwa

Ndo hapo sasa. Risperidoni nayo inakaza, hasa ikipanda, na ni bingwa wa kupandisha prolaktini, ile homoni ya maziwa, na prolaktini ikipanda jogoo lazima asinzie. Kwa hiyo usiseme yote ni mabaki ya sindano. Nusu ya unachokilaumu unakimeza kila siku. USIACHE mwenyewe. Rudi kwa yule dokta kijana na maelezo haya haya uliyoandika hapa, hata ukimwonyesha simu.

MamaWanne

Umesema homoni ya maziwa nikacheka peke yangu kwenye daladala. Acha na mimi nitoe ya kwangu.

Nilichomwa haloperidoli ya mafuta baada ya kujifungua mtoto wa tatu, nilichanganyikiwa vibaya. Hedhi ikakata miezi saba. Mama mkwe kahesabu kwenye vidole vyake akajua ni mimba, akaanza kuniletea ndizi za mtori na kunikataza kubeba ndoo. Kipimo kinasema hapana, anasema vipimo vya siku hizi vya kichina. Siku moja nipo bombani nimeinama, maziwa yakatoka yakalowesha gauni mbele ya wanawake kumi, na mtoto nilikuwa nimeshamwachisha zamani. Basi stori ikageuka, sio mimba tena, mimba ilikuwepo nimeitoa. Mume wangu aliyumba hapo, sisemi uongo. Kilichoniokoa ni yeye kukubali kwenda na mimi kliniki akaambiwa uso kwa uso kwamba ni sindano inafanya hivi.

Dawa ilibadilishwa. Maziwa yaliisha kama mwezi wa pili baada ya sindano ya mwisho, hedhi ilirudi mwezi wa tano. Nililia chooni kwa furaha, kwa ajili ya pedi! Na wanawake mnaosoma kimyakimya, muwe makini, yai linaweza kutoka kabla hujaiona hedhi ya kwanza. Mnaona jina langu humu ni wanne, wakati sindano ilinikuta na watatu.

KijanaWaPasua

Hahahaaa mama wanne umeniua

MkubwaWaFamilia

Naomba mimi niwe mbaya wa uzi huu.

Mdogo wangu alikuwa kwenye sindano hiyo hiyo. Alikuwa analalamika haya haya, mikono, usingizi, mwili mzito kama amebeba gunia la mahindi. Akaacha kimyakimya, siku ya kliniki anatoka nyumbani na kadi anaenda kukaa kijiweni anarudi. Na unajua nini, alikuwa MZURI. Mwezi wa kwanza mzuri, wa pili mzuri zaidi, wa nne akacheza kwenye harusi ya binamu mpaka watu wakamtunza. Sote tukasema kumbe dawa ndo ilikuwa inamwumiza. Mwezi wa sita akaanza kutolala. Wiki mbili baadae tulimpata Chalinze barabarani, miguu peku, anaongoza magari. Lori lingempitia hata dereva nisingemlaumu.

Nesi amesema dawa inatoka polepole, na mimi naongeza kwamba kinga nayo inatoka polepole. Ugonjwa haurudi wiki unayoacha, unasubiri. Ile miezi mitano mizuri ndo ilitudanganya. Kwa hiyo mkitoa shuhuda za kuacha sindano mseme na mwisho wake, sio mnatuachia katikati pale pazuri.

DawaZetuAsili

Wewe unatetea hospitali, wamekulipa?

MkubwaWaFamilia

Nimelipwa usiku wa kumtafuta mtu kwa tochi ya simu. Endelea kuuza unga wako.

FundiNgamiani

Mkubwa sijakuchukulia vibaya. Mimi sijaacha dawa nimebadilishiwa, na nilishadata mara mbili, ya tatu siitaki. Ila nikuulize, mdogo wako alipokuwa analalamika mikono, kuna aliyemsikiliza? Maana mtu akisikilizwa hana haja ya kwenda kujificha kijiweni na kadi mfukoni.

MkubwaWaFamilia

Hapo umenipiga penyewe. Hapana. Tulimwambia shukuru Mungu umepona. Sasa hivi yupo kwenye sindano tena lakini nusu ya ile dozi ya zamani na yupo vizuri, anaendesha bajaji. Ilibidi aende Chalinze ndo tujue dozi inaweza kushuka.

BintiKisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi ni msomaji tu lakini hili limenigusa kwa mamangu.

Yeye alidungwa sindano hizi tangu sisi wadogo, miaka ishirini na ushee. Hakuwa na matata ya mikono. Kwake ilikuja mdomoni. Midomo yatafuna, ulimi watoka warudi, taya halitulii, na mwenyewe wala hana habari mpaka umwambie. Watu wa mtaani walidhani ala tambuu, kuna jirani hata alimletea popoo na mtambuu kama zawadi. Akilala huacha kabisa. Asubuhi aanza.

Tulipomrudisha kliniki waliongeza Artane, mdomo ukazidi. Baadaye daktari mwengine alitueleza kuwa hii si kama ile ya kutetemeka, hii huja baada ya miaka, Artane haiifai na huenda ikaizidisha. Tena kitu cha ajabu, alipopunguziwa sindano mdomo ulizidi kwanza, tukashikwa na hofu, kisha baada ya miezi ukaanza kupoa. Haukuisha. Sasa ni kama nusu ya ulivyokuwa. Anavaa buibui na ninja akienda harusini, asema ndani ya ninja natafuna nipendavyo.

Nasema haya kwa sababu ndugu fundi ameuliza kama inaisha. Yake ya kutetemeka naomba Mungu itaisha. Lakini walio na wazee wao kwenye sindano za miaka mingi, watazameni midomo na vidole mapema, msingoje jirani alete tambuu.

NesiMstaafuMtarajiwa

Binti umeeleza kuliko semina nilizokaa. Hiyo ndo tunayoiogopa, inaweza kubaki maisha. Ikionekana mapema uwezekano wa kupoa ni mkubwa zaidi, ndo maana kila mgonjwa wa sindano anatakiwa kuangaliwa: toa ulimi, nyoosha mikono, tembea. Dakika mbili. Ila kliniki ina watu themanini na nesi wawili, mnajua wenyewe.

Na msichanganye na jambo la dharura. Mtu wa sindano akipata homa kali, mwili umekuwa mgumu kama ubao, jasho, anaongea hovyo, hiyo sio malaria ya kusubiri kesho, kimbia hospitali usiku huo huo useme anachomwa sindano ya akili. Na ile ya shingo kupinda na macho kugeukia juu, inatokea sana siku za mwanzo hasa kwa vijana wa kiume. Nimeshapokea kijana katolewa kwenye maombi, masaa sita anakemewa, shingo imepinda, watu wamechoka sauti zimekauka. Sindano moja ya kulegeza misuli, nusu saa akaomba chai. Ndo sababu Modecate mtu anatakiwa aanze na kadozi ka kuonja, miligramu 12.5, uone mwili unasemaje kabla ya kumwaga yote.

MbebaBoksi

Nipo Minnesota, boksi linanitesa lakini leo nipo off. Huku nimechomwa paliperidoni, nayo sindano ya akili, kwanza ya kila mwezi halafu ya miezi mitatu, inaingia mara nne tu kwa mwaka. Na kuna ya miezi sita, ilipitishwa huku 2021. Raha yake unasahau kama unaumwa. Karaha yake ndo hiyo hiyo, ikikukataa huna pa kuipeleka, hii ya miezi mitatu kupungua nusu peke yake inachukua karibu miezi mitatu hadi minne na zaidi, sasa piga hiyo hesabu ya nesi mara tano. Mimi nimetembea nayo zaidi ya mwaka baada ya ya mwisho. Huku angalau walinianzishia vidonge kwanza kuona kama mwili unakubali, ila uzito hawakunionya, kilo 22.

Lakini nimekuja kwa sababu ya hiyo ganzi ya moyo uliyosema fundi. Hiyo hakuna anayeiuliza kliniki, wanauliza unasikia sauti? unalala? haya kwaheri. Mzee wangu alifariki nikiwa kwenye sindano. Nikazika kwa video. Nimeangalia kaburi linafukiwa kwenye simu na nilichokuwa nawaza ni betri asilimia 14. Sikutoa chozi. Nikajiona mnyama. Miezi tisa baada ya kuacha sindano nipo dukani naona embe dodo moja dola nne, mzee alikuwa na mti wa dodo uani, nikashindwa kulipa, nikaenda kwenye gari nikalia mpaka mlinzi akaja kugonga kioo. Nikamwambia nipo sawa, na kweli nilikuwa sawa kuliko siku nyingi sana.

Kwa hiyo inarudi. Kwangu ilirudi mwishoni kabisa, baada ya mikono, baada ya usingizi.

FundiNgamiani, mwezi wa 9

Wakuu nimerudi na mrejesho kama mlivyoomba.

Nilimpelekea dokta simu kama nesi alivyosema. Akasoma, akacheka pale kwa mama wanne, halafu akanyamaza pale kwa miguu. Risperidoni akaishusha wiki tatu huku ananipandishia olanzapini, kidonge kingine cha akili, polepole, sasa nipo kwenye olanzapini miligramu 5 usiku peke yake. Artane nilirudishiwa kidogo halafu ikapunguzwa, nimeimaliza mwezi wa nane. Prolaktini alitaka kupima, hapa kwetu hawapimi, tukapeleka damu maabara binafsi, ilikuwa juu kweli. Pesa ya kanzu mbili imeondoka pale.

Miguu imeisha, nasema imeisha naogopa kijicho. Mikono asubuhi bado, ikifika saa nne inatulia. Jogoo anajikohoza. Kilichoharibika ni tumbo, hii olanzapini ina njaa ya ajabu, nakula kiporo cha wali saa nane usiku nimesimama kama mwizi. Dokta kasema nipime sukari na nitembee, basi natembea Ngamiani mpaka Raskazone na kurudi jioni, watu wanadhani nina mchepuko huko.

Jambo lililonisaidia ambalo sikulitegemea ni daftari. Dada alinunua daftari la kurasa 40, kila Jumapili natunga uzi kwenye sindano mara kumi naandika nimepata mara ngapi. Mwezi wa sita ilikuwa 1, au 0. Wiki iliyopita 6. Mwenyewe kwa siku moja moja nilikuwa naona hakuna mabadiliko, nimekata tamaa kabisa, ukifungua daftari ndo unaona kumbe tunatoka. Na dada ana ukurasa wake wa nyuma, anaandika nimelala saa ngapi na nimeongea na cherehani au sijaongea, haha. Tumekubaliana usingizi ukikatika siku tatu mfululizo ananipeleka hata kwa nguvu, nimeshasaini.

BintiKisauni

Mashallah. Hilo la daftari naliiba kwa mamangu.

NesiMstaafuMtarajiwa

Sukari usipuuzie, na mafuta kwenye damu pia. Na hayo makubaliano ya siku tatu ndo dawa ambayo haipo kwenye kabati langu. Mkubwa wa Familia upo unasoma?

MkubwaWaFamilia

Nasoma. Nimeshanunua daftari.

MbebaBoksi

Fundi na ile ganzi?

FundiNgamiani, mwezi wa 1

Mbeba boksi samahani nimechelewa, msimu wa sare za shule, nimeshona mpaka macho mekundu. Matundu ya vifungo nafanya mwenyewe.

Ganzi ilitoka kama ulivyosema, mwishoni. Haikuwa kilio. Nilikuwa namalizia gauni la bibi harusi, usiku umeme umekatika, nimeliinua kwenye mwanga wa tochi niangalie mshono, nikajikuta nimefurahi. Nikakaa palepale kitini naogopa kutikisika isije ikaondoka. Dada akaja kuniita kula akakuta nimekumbatia gauni la watu, akakimbilia daftari.

Nilipiga picha nyingine ya pasipoti, bila sababu, nimeweka pembeni ya ile ya zamani. Sio kwamba mikono imerudi yote, uzi sasa ni 9 kati ya 10, ile moja inanikimbia tu. Dawa bado namumunya, olanzapini ile ile 5, na tumbo lipo.

KijanaWaPasua

Fundi nilipiga kambi hapa tangu mwezi wa sita sijatoka. Nina kitambaa cha kanzu na nakuja Tanga mwezi ujao, duka lipo barabara ya ngapi?

FundiNgamiani

Nakutumia inboksi. Njoo siku yoyote ila sio Ijumaa mchana, mchana nafunga naenda kusikiliza khutba. Sikai tena kwenye viatu.